Picha Zisizosema na Habari za Kale

Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Songea

Kaeni karibu karibu, taa iwe upande wa wale wenye macho hafifu, na kila mmoja awe na daftari lake. Maneno nitakayoyasema mtayakuta yamepigwa chapa katika karatasi mlizogawiwa. Kwa hiyo mwenye kuchoka kusikiliza aweza kusoma, na mwenye kuchoka kusoma aweza kusikiliza.

Leo nataka tuzungumze juu ya sinema. Msicheke. Najua wengine mtasema, mwalimu ameacha historia na kuingia katika mambo ya starehe. Ngojeni kidogo.

Mwezi uliopita nilikuwa na darasa moja hapa Songea mjini. Tulitundika shuka jeupe ukutani, tukaazima mashine ya kuonyeshea picha, tukatazama kipande cha picha ya zamani sana. Picha hiyo inaitwa Cabiria. Ilitengenezwa Italia, na mara ya kwanza ilionyeshwa katika mji wa Turin, tarehe 18 Aprili 1914. Tuliona mlima ukitoa moto na nyumba zikianguka. Tuliona hekalu ambalo mlango wake ni kinywa cha jitu, na ndani yake sanamu la shaba lenye tumbo la moto. Tuliona tembo wakipanda milima yenye theluji. Lakini hatukusikia neno hata moja. Watu wanafungua vinywa, wanagombana, wanalia, na yote ni kimya. Kila baada ya muda picha inakatika, yanatokea maandishi. Mimi nilikuwa nasimama kando ya shuka na kuwaeleza kwa Kiswahili.

Tulipomaliza nilidhani nitaulizwa juu ya tembo. Lakini mama mmoja, anayeuza dagaa wa Nyasa sokoni, aliinua mkono akasema: "Mwalimu, nguzo zile zote, na nguo zile zote, na watu wote wale walikula. Nani alilipa?"

Nawaambieni kweli, mimi niliyesoma mpaka nikapata diploma ya chuo kikuu sikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Somo la leo ni jibu langu kwa mama yule.

Kwanza tuelewane sinema bubu ni kitu gani. Ndugu wawili wa Ufaransa, jina la ukoo wao Lumière, walionyesha picha zao kwa watu waliolipa kiingilio katika mji wa Paris tarehe 28 Desemba 1895. Tangu siku hiyo mpaka karibu mwaka wa 1930 picha nyingi za sinema hazikuwa na sauti. Mpiga picha alizungusha mkono wa mashine kama mtu anayeshona kwa cherehani, na utepe ukapita ndani, picha kumi na sita au zaidi kwa kila sekunde moja. Katika ukumbi alikaa mtu akipiga piano, na katika miji mikubwa bendi nzima. Mahali pa maneno yalitumika maandishi, kama nilivyosema.

Basi hapo ndipo asiyejua kusoma alipokwama. Alimwona bibi analia, asijue analilia nini, mpaka jirani yake amsomee. Ujapani waliweka mtu maalumu kando ya pazia, kazi yake kuwaeleza watu picha inasema nini, na baadhi ya wasimulizi hao wakawa mashuhuri kuliko wachezaji wenyewe. Ninyi mnaijua hali hiyo kuliko mimi: kushika barua yako mwenyewe mkononi, na kungoja mtu mwingine akuambie imesema nini, na kuamini tu kwamba hakuongeza wala hakupunguza.

Sasa, katika miaka ile watengenezaji wa sinema walipenda sana habari za kale: habari za Roma, za Babeli, za Misri na Firauni. Sababu zilikuwa kadhaa. Hadithi ya Musa au ya Nero ilikwisha kujulikana na watu wengi, hivyo maandishi machache yalitosha. Tena wapo watu wa dini na watu wenye heshima walioiona sinema kuwa upuuzi wa vilabuni. Walipoambiwa ni habari ya Biblia au ya Warumi, walivaa nguo zao nzuri wakaenda na wake zao. Na Waitalia walikuwa na faida yao: jua jingi, mafundi wengi wa bei nafuu, na magofu ya Warumi wenyewe mlangoni kwao.

Mwaka wa 1913 kampuni moja ya Roma ilitoa picha iitwayo Quo Vadis, iliyoongozwa na Enrico Guazzoni. Inaeleza jinsi Kaisari Nero alivyowatesa Wakristo na kuwatupa kwa simba. Ilienda zaidi ya saa moja na nusu, jambo geni wakati ule, ikapelekwa nchi nyingi. Marekani nao wakafuata, wakazidisha. Mwaka wa 1916 D. W. Griffith alijenga Babeli nzima kando ya barabara ya Hollywood kwa ajili ya picha yake Intolerance. Mwaka wa 1923 Cecil B. DeMille alijenga mji wa Firauni katika mchanga wa pwani ya California, pamoja na masanamu 21 ya simba wenye vichwa vya watu. Kazi ilipokwisha mji ule ulibomolewa ukazikwa palepale mchangani. Miaka sitini baadaye watu walianza kuutafuta na kuufukua kwa uangalifu, kama wanavyofukua Misri ya kweli, na baadaye walitoa kichwa cha sanamu mojawapo. Mimi jambo hili hunichekesha kila nikilikumbuka: wataalamu wenye brashi wakipangusa mchanga juu ya plasta ya sinema. Lakini hawakukosea. Plasta ile haitufundishi kitu juu ya Firauni. Yatufundisha juu ya Marekani ya mwaka wa 1923.

Hapo ndipo ninapotaka mtie alama katika karatasi zenu. Kila picha ya historia ina tarehe mbili. Tarehe ya kwanza ni ya tukio linalosimuliwa. Tarehe ya pili ni ya siku picha ilipotengenezwa. Ile ya kwanza huandikwa kwa herufi kubwa. Ile ya pili huwa yabidi uitafute.

Turudi kwa Cabiria. Tarehe yake ya kwanza ni karne ya tatu kabla ya Kristo. Wakati ule palikuwa na mji mkubwa sana katika Afrika ya Kaskazini, ukiitwa Karthago, karibu na mahali ulipo leo mji wa Tunis. Watu wake walikuwa mabaharia na wafanya biashara, wazao wa Wafoinike waliotoka pwani ya Lebanoni. Karthago na Roma walipigana vita tatu. Katika vita ya pili Hannibal, jemadari wa Karthago, aliongoza jeshi pamoja na tembo kupitia Hispania na kuvuka milima ya Alps mwaka wa 218 kabla ya Kristo, akaingia Italia yenyewe na kuwatetemesha Warumi kwa miaka mingi. Mwishoni alishindwa na Scipio huko Zama, katika Afrika, mwaka wa 202. Na baada ya vita ya tatu, mwaka wa 146, Warumi waliuchoma mji wa Karthago, wakawauza watu wake utumwani. Nchi iliyouzunguka wakaifanya jimbo lao, wakaliita Africa. Jina hilo lilianza pale, likatambaa kidogo kidogo hata likaenea bara zima, likafika na hapa Ruvuma. Hivi tunaitwa Waafrika kwa jina ambalo mshindi aliwapa wale aliowashinda.

Picha yenyewe inasimulia hivi. Mtoto wa kike wa Kirumi, Cabiria, anaishi Sisilia. Mlima Etna unalipuka, maharamia wanamkamata, wanamwuza Karthago. Kuhani anamchagua atupwe katika moto wa mungu Moloki. Anaokolewa na Mrumi kijana, Fulvius Axilla, na mtumwa wake mwenye nguvu za ajabu, jina lake Maciste, someni "Machiste". Baadaye Maciste anakamatwa, anafungwa kwa mnyororo kwenye jiwe la kusagia, analizungusha kama punda kwa miaka kumi hivi, mpaka bwana wake anaporudi naye anaikata minyororo kwa mikono yake. Wanamwokoa Cabiria mara ya pili, Roma inashinda, jahazi linarudi kwao na watu wana furaha.

Kwa ufundi, picha hii ni kazi kubwa, na sitaki mdhani naidharau. Mwongozaji wake, Giovanni Pastrone, hakutaka mapazia ya kuchorwa. Alijenga kuta na nguzo za kusimama kweli. Kisha akaiweka kamera juu ya kigari, kikasukumwa polepole, hivi kwamba nguzo ya mbele inapita na ya nyuma inajitokeza, na mtazamaji anaona kwa macho yake kwamba nyumba ina ndani. Kabla ya hapo mara nyingi kamera ilikuwa ikisimama mahali pamoja kama mgeni mlangoni. Wamarekani waliutazama ufundi huo kwa makini wakajifunza.

Lakini tarehe ya pili ni 1914. Tuulize, Italia ilikuwa katika hali gani?

Miaka kumi na minane kabla yake, tarehe 1 Machi 1896, jeshi la Italia lilishindwa vibaya na Wahabeshi huko Adwa. Fedheha hiyo haikusahauliwa. Mwaka wa 1911 Italia ilianza vita nyingine katika Afrika: ilivamia Libya, ambayo ni jirani ya Tunisia, ikamnyang'anya Mturuki. Ilileta hata askari weusi kutoka Eritrea, koloni lake, wakapigane kule jangwani. Na wananchi waliambiwa nini? Waliambiwa kwamba hawaendi ugenini, bali wanarudi katika ardhi iliyokuwa ya babu zao Warumi. Mshairi mashuhuri Gabriele D'Annunzio alitunga mashairi ya kuisifu vita hiyo. Mkataba ulitiwa sahihi Oktoba 1912. Na mwaka uliofuata, Pastrone alipohitaji mtu mwenye jina kubwa wa kuandika maandishi ya picha yake, alimlipa D'Annunzio yuleyule. Majina ya Cabiria na Maciste ni ya kwake.

Basi, mama, hilo ni nusu ya jibu lako. Aliyelipa kwanza ni kampuni ya Turin iitwayo Itala Film, na walioirudishia fedha zake ni watu walionunua tikiti. Watu hao walikuwa wametoka kuzika vijana wao waliokufa Libya, na walikuwa tayari kufurahi wakionyeshwa kwamba Afrika ya kale ilikuwa nchi ya kuchoma watoto, na kwamba Roma ilipofika ilileta wokovu. Sisemi kwamba serikali ilitoa amri. Haikuwa lazima kuamriwa.

Na je, Wakarthago walichoma watoto kweli? Waandishi wa Kigiriki na wa Kirumi walisema hivyo. Tangu mwaka wa 1921 wachimbaji wamekuta huko Karthago makaburi yenye vyungu vya mifupa ya watoto wachanga iliyochomwa. Wataalamu wengine wanasema ni sadaka. Wengine wanasema ni watoto waliokufa kwa maradhi, wakazikwa kwa desturi ya pekee. Ubishi ungalipo. Lakini angalieni: karibu yote tunayoyasoma juu ya Karthago yaliandikwa na maadui zake au na watu walioishi chini ya maadui hao. Maktaba za mji ule zilitawanyika na kupotea. Kitabu kimoja tu baraza la Roma liliamuru kifasiriwe, cha Bwana mmoja Mago, juzuu 28, na kilikuwa kitabu cha kilimo: jinsi ya kupanda mizabibu, kufuga ng'ombe na kuchagua shamba. Maarifa ya shamba la Mwafrika walikuwa na haja nayo. Habari zake hawakuzitaka.

Sasa Maciste. Katika picha anaonyeshwa kuwa mtumwa mweusi wa Afrika, mtiifu kwa bwana wake Mrumi. Katika darasa letu mzee mmoja alimtazama kidogo tu, akasema: "Huyu si mtu mweusi. Kapakwa." Alisema kweli. Aliyeucheza mchezo huo ni Mwitalia, Bartolomeo Pagano, mchukuzi wa mizigo katika bandari ya Genoa, mtu mwenye kifua kama pipa. Alipakwa rangi mwili mzima. Watu wakampenda Maciste kuliko Cabiria, kuliko Fulvius, kuliko Hannibal. Kampuni ikaona faida, ikamtengenezea picha yake mwenyewe mwaka wa 1915, na nyingine, na nyingine, hata zikapita ishirini kufikia mwaka wa 1928. Lakini katika picha hizo Maciste hana rangi tena. Amekuwa mzungu. Mwaka wa 1916 ni askari wa Italia katika milima ya Alps, anapigana na Waaustria. Mwaka wa 1926 yuko Afrika, anapigana na shehe wa Kiarabu. Alipokuwa mtumwa alikuwa mweusi. Alipokuwa shujaa wa taifa, rangi ilioshwa.

Labda mtasema, hayo ni ya Waitalia, sisi hapa Songea tulitawaliwa na Wadachi. Vema, twende Berlin.

Ile picha ya Nero niliyoitaja, Quo Vadis, ilionyeshwa Berlin mwaka huohuo wa 1913. Fanyeni hesabu. Wangoni waliingia katika vita ya Maji Maji mwaka wa 1905. Tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wengi walinyongwa hapa Songea, pale ambapo leo kuna makumbusho na kaburi lao, na siku chache baadaye akanyongwa Songea Mbano, ambaye mji huu una jina lake. Mashamba yalichomwa na maghala yakateketezwa kusudi, na njaa ikaua watu kuliko bunduki. Tangu kunyongwa kule hadi 1913 ni miaka saba. Kwa hiyo watu wa Berlin walikaa katika viti vizuri, bendi ikapiga, wakawahurumia watu walioonewa na dola kubwa miaka elfu moja na mia nane iliyopita. Nadhani machozi yao yalikuwa ya kweli. Sidhani hata mmoja aliyetoka pale alisema: na sisi tuna Roma yetu, na uwanja wake uko Songea. Habari za kale zina raha hiyo, kwamba dhambi ndani yake ni ya mtu mwingine.

Ila hadithi hiyohiyo yaweza kusomwa vingine. Kitabu cha Quo Vadis kiliandikwa na Mpolandi, Henryk Sienkiewicz, kikatoka mwaka wa 1896, wakati nchi yake ilikuwa imegawanywa na dola tatu: Urusi, Austria na Ujerumani. Wapolandi walipokisoma walijiona wao wenyewe katika wale wanaoteswa. Habari ileile, nchi mbili, macho mawili.

Wadachi wakashindwa vita, na mwaka wa 1919 wakapoteza makoloni yao, nchi yetu ikiwamo. Mwaka wa 1922 Ernst Lubitsch alitoa huko Berlin picha ya Misri ya kale, habari ya Firauni na mwanamke aliyempenda. Ndani yake kuna mfalme wa Uhabeshi, Samlak, mtu wa kuchekesha na kutisha, amevaa manyoya. Aliyemcheza ni Mjerumani, Paul Wegener, naye kapakwa masizi. Wakati ule Berlin kulikuwa na watu weusi, hata wachezaji wa sinema. Lakini ufalme hata wa kuchekesha hawakupewa.

Hapa niruke mbele kidogo kwa ajili ya mtu wa kwetu. Mahjub bin Adam Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka wa 1904. Akiwa mtoto alikuwamo katika jeshi la Wadachi pamoja na baba yake katika vita kuu ya kwanza. Mwaka wa 1929, sinema bubu zikiwa zinakwisha, alifika Ujerumani, akadai mishahara ya vita ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Hakupewa. Huko alijulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alikuwa mhudumu wa hoteli, akafundisha Kiswahili, na tangu mwaka wa 1934 akacheza sehemu ndogo ndogo katika sinema, mtumishi hapa, askari pale. Ya mwisho ilikuwa mwaka wa 1941, picha ya kumsifu Carl Peters, yaani historia ya nchi yetu kama serikali ya Hitler ilivyotaka isimuliwe. Mwaka huohuo alikamatwa kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke mzungu. Alikufa katika kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Italia nayo ilikuwa imekwisha kuivamia Uhabeshi mwaka wa 1935, na mwaka wa 1937 ikatoa picha ya Scipio akiishinda Karthago, safari hii yenye sauti, na safari hii kwa msaada wa serikali waziwazi.

Na huku kwetu je? Unguja walikuwa na jumba la sinema, Royal, tangu mwaka wa 1921, na watu wa kila namna waliingia. Katika Tanganyika Waingereza waliweka ukaguzi wa rangi: picha moja iliweza kuruhusiwa kwa Wazungu na Wahindi, ikakatazwa kwa Waafrika. Wakubwa wa makoloni waliogopa kwamba Mwafrika akiona wazungu wakilewa na kuuana katika sinema, heshima itapungua. Hofu hiyo kwa kweli haikuwa ya kijinga.

Badala yake tulitengenezewa zetu. Kuanzia mwaka wa 1935 hadi 1937 palikuwa na kazi ya majaribio huko Vugiri, katika milima ya Usambara, iliyolipiwa sehemu kubwa na mfuko wa Carnegie wa Marekani. Zilitoka picha kama 35. Zilikuwa bubu, maneno yakipigwa pembeni kwa sahani za gramafoni, na lori likazizungusha katika nchi za Afrika Mashariki na ya Kati. Zilikuwa juu ya nini? Minyoo ya safura. Malaria ya watoto. Chai. Kuweka akiba posta. Sitazidharau, minyoo ni minyoo, na wengine wetu tungekuwa na babu zaidi kama ushauri ule ungefuatwa. Ila nakumbuka kitabu cha Mago. Kwa Mwafrika palikuwa na picha ya kumfundisha kulima. Ya kumwonyesha Hannibal akivuka theluji hawakufikiri kumletea.

Nyingi za picha bubu hazipo tena. Utepe wa zamani hushika moto haraka kama pamba yenye mafuta, na wenyewe waliziona kuwa taka baada ya sauti kuja. Kwa Marekani uchunguzi wa mwaka wa 2013 ulionyesha kwamba kama asilimia 70 ya picha ndefu zisizosema zimepotea kabisa. Picha ya Cleopatra ya mwaka wa 1917, iliyogharimu mali nyingi, vilibaki vipande vidogo tu baada ya ghala kuungua mwaka wa 1937. Lakini Cabiria ipo, na mtu yeyote mwenye simu kubwa aweza kuitazama. Ndiyo sababu nawafundisha sasa namna ya kuisoma.

Nusu ya pili ya jibu langu kwa mama wa dagaa ni hii. Habari za Maji Maji nazo, kwa miaka mingi, ziliandikwa na upande mmoja: barua za maofisa, vitabu vya wamisionari, hesabu za waliopigwa. Ndipo mwaka wa 1968 chuo kikuu cha Dar es Salaam kikawatuma wanafunzi vijijini, wakakaa na wazee waliokuwa wangali hai, wakaandika maneno yao. Wazee wengi wa namna hiyo hawakujua kuandika. Kama vijana wale wangechelewa miaka kumi, sehemu kubwa ingekwenda na wenyewe kaburini. Na mambo hayajaisha: tarehe 1 Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja hapa Songea, akaomba msamaha, akakaa na wajukuu wa Songea Mbano, akaahidi kusaidia kutafuta kichwa cha babu yao ambacho husemwa kilipelekwa Ujerumani.

Basi kazi ya wiki hii. Kila mmoja aende kwa mtu mzima kuliko wote katika ukoo wake, amwulize alisikia nini juu ya vita ile au njaa iliyofuata, na ni nani aliyemwambia. Usimsahihishe. Andika sentensi nne au tano kwa mkono wako, kwa maneno yake. Kushoto juu andika mwaka wa tukio. Kulia andika tarehe ya siku uliyosimuliwa, jina la msimulizi, na jina la yule aliyemsimulia yeye. Usipojua tahajia ya jina, mwulize mwenyewe alivyozoea kulitamka, uandike hivyo.

Na yule mama aliniuliza swali jingine tulipokuwa tukikunja shuka: kama tungetengeneza picha yetu, nani angeandika yale maandishi ya katikati? Sikumjibu. Lijadilini darasani kwa dakika ishirini, na kiongozi aandike jina la kila aliyesema. Madaftari yakusanywe Ijumaa. Kwaherini.